Kiti cha Afisa na Saini ya Mke

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Nyamira mbele ya maafisa wa mikopo, mawakili, viongozi wa sacco na wananchi

 

Mada niliyopewa ni kanuni za kazi ya mbali kwa watu wenye leseni wanaoshughulika na mikopo ya rehani, nchi ikiwa katika dharura ya afya. Ukiisikia hivyo utadhani ni habari ya Upper Hill kule Nairobi, kwenye majumba ya vioo. Lakini mwaka 2020 sisi tuliwekwa ndani ya jaribio la jambo hili bila kuombwa ridhaa, na jaribio lenyewe likatuachia swali ambalo sheria yetu bado hailijibu vizuri. Shamba linapowekwa benki, nani lazima aonekane kwa macho, na nani anaweza kubaki kwake?

Nikumbushe mfuatano wa mambo, kwa sababu tarehe zenyewe zinasema mengi. Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akawataka waajiri, wa serikali na wa binafsi, wawaache watu wao wafanyie kazi nyumbani panapowezekana, isipokuwa wa huduma muhimu. Tarehe 16, Benki Kuu ikaondoa ada ya kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 na kupandisha kiwango cha muamala mmoja hadi shilingi 150,000. Tarehe 18 ikatangaza nafuu kwa wakopaji ambao mikopo yao ilikuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi. Siku hiyo hiyo Rais akatia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya 2020, ambayo iliifungulia mlango saini ya kielektroniki katika Sheria ya Mikataba na katika Sheria ya Usajili wa Ardhi.

Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya korona. Ilikuwa imeanza safari mapema, ikibebwa na shauku ya kuwarahisishia wawekezaji biashara, ikatokea tu kwamba ilifika wiki ambayo kila mtu alikuwa akitafuta njia ya kutia saini bila kushikana mkono. Hata hivyo hesabuni wenyewe: tangu mgonjwa wa kwanza hadi saini ya Rais ni siku tano. Kwa upande wa pesa na kwa upande wa karatasi, nchi hii ikitaka kukimbia hukimbia.

Mwezi huo huo Wizara ya Ardhi ikafunga ofisi za usajili wa ardhi kote nchini, kwanza kwa siku 28. Kwa hiyo sheria ilikuwa imekuruhusu kutia saini hati ya ardhi kwa njia ya kielektroniki, lakini dirisha la kuipokelea hati hiyo lilikuwa na kufuli. Na hata lingekuwa wazi, rejista yetu ya Nyamira ilikuwa ya karatasi: faili, kadi ya kijani, picha za pasipoti zilizobandikwa, nakala ya kitambulisho, wino. Ardhisasa, ule mfumo wa kidijitali wa ardhi, ulizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, na ukaanzia Nairobi. Saini ya kielektroniki ilitufikia mwaka mzima kabla ya kompyuta ya kuisoma, na hata hiyo kompyuta haikuja kwetu kwanza.

Kisha ikaja kafyu, tarehe 27 Machi, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwenye orodha ya walioruhusiwa kutembea walikuwamo watu wa benki na taasisi za fedha zenye leseni. Mawakili hawakuwamo. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na tarehe 16 Aprili Jaji Korir akaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi hazikuwa halali, na akaagiza mawakili waongezwe kwenye orodha. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha jinsi walioandika zile kanuni walivyouona mkopo. Waliona anayetoa pesa. Hawakumwona anayeandika hati ya rehani wala anayeshuhudia saini, ingawa bila hao wawili pesa hazitoki, au zikitoka zinatoka bila kinga.

Tena tarehe 6 Aprili, saa moja jioni, eneo la jiji la Nairobi likafungwa. Hakuna kuingia wala kutoka, hadi mapema Julai. Sasa fikirieni familia zetu. Mume ni fundi Kawangware, au karani Industrial Area. Shamba liko Ekerenyo, hapa kwetu, na jina kwenye taito ni la mume. Mke yuko shambani, anachuma chai. Anayetaka mkopo yuko upande mmoja wa kizuizi cha polisi, anayetakiwa kuridhia yuko upande wa pili, na afisa wa mikopo yuko sebuleni kwake na kipakatalishi. Kati ya watu hao watatu, agizo la kufanyia kazi nyumbani lilimgusa mmoja tu.

Hapa nisimame kidogo niseme rehani ni nini kwetu. Benki Kuu huhesabu akaunti za mikopo ya nyumba kila mwaka. Kufikia Desemba 2020 zilikuwa 26,971 nchi nzima, zikiwa zimepungua kutoka 27,993 mwaka mmoja nyuma. Nchi nzima hiyo ina watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ya 2019. Mkopo wa wastani ulikuwa wa shilingi milioni 8.6. Wanaokopa hivyo si watu wa Magwagwa hapa kwetu. Ukija na takwimu hizo Nyamira utasema hakuna rehani hapa, ufunge daftari, urudi zako Nairobi.

Utakuwa umekosea. Rehani ipo, ila haijengi nyumba. Mtu anaweka taito ya ekari moja na robo benki ili alipe karo ya chuo kikuu, anunue matatu, aongeze duka Keroka, alipe hospitali, au apate mtaji wa kununua ndizi za kupeleka Nairobi. Wengine hawaendi benki, wanakwenda sacco, ambazo hazisimamiwi na Benki Kuu (zile kubwa ziko chini ya SASRA, mamlaka ya sacco), hivyo hata ile nafuu ya Machi 18 haikuwafikia kwa amri ile ile. Sensa hiyo hiyo ilitukuta 605,576 katika kaunti hii, watu kama 675 kwa kila kilomita mraba. Majirani zetu wa Kisii ni zaidi ya 950. Katika msongamano huo, kipande kinachowekwa benki ndicho hicho hicho kilicho na nyumba, jiko, kaburi la babu, miti ya chai na mahali ambapo kijana wa mwisho ameahidiwa kujenga. Tajiri wa mjini akishindwa kulipa rehani hupoteza nyumba moja kati ya alizo nazo. Kwetu mnadani huenda boma zima.

Hebu sasa tutoke nje ya nchi kidogo, tuone wenzetu walivyolishika jambo hili, kwa sababu huko kanuni za kazi ya mbali ziliandikwa kwa jina hilo hilo. Marekani, baada ya mikopo ya nyumba kuporomoka, Bunge lao lilipitisha mwaka 2008 sheria inayoitwa SAFE. Tangu hapo kila mtu anayepokea maombi ya mkopo wa nyumba na kujadiliana masharti, kama si mwajiriwa wa benki, lazima awe na leseni yake binafsi, na awe na nambari yake katika rejista ya taifa. Leseni za kampuni zilifungamanishwa pia na mahali. Majimbo mengi yalitaka kazi ifanywe katika ofisi au tawi lililosajiliwa, na mwenye leseni akiketi jikoni kwake kumpigia mteja hesabu, jikoni hapo paliweza kuhesabiwa tawi lisilo na kibali.

Machi 2020 wasimamizi wa majimbo wakatoa barua za dharura, moja baada ya nyingine. Zilifanana sana. Mwenye leseni aruhusiwe kufanyia kazi nyumbani, lakini asipokee wateja hapo, asitangaze anwani ya nyumbani kama ofisi, asiweke majalada ya karatasi, atumie mtandao uliolindwa, na kampuni iendelee kumsimamia kana kwamba yuko ofisini. Korona ilipopungua, majimbo kadhaa yaliona kwamba mbingu haikuanguka, yakaifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu.

Ni kanuni nzuri. Sisi hatuna zinazofanana nazo, na tungefaidika nazo. Afisa wa mikopo wa Kenya hana leseni ya jina lake. Leseni ni ya benki. Wenye leseni zao wenyewe katika mnyororo huu ni wakili, ambaye hulipia cheti kila mwaka, mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya wathamini, mpima ardhi, na dalali wa mnada siku mambo yakiharibika. Lakini zitazameni tena zile barua za Marekani: karibu zote zinauliza kiti cha afisa kiko wapi. Na mimi, baada ya kufikiri sana juu ya mwaka ule, nimefikia mahali pa kusema kwamba kiti cha afisa si shida ya Nyamira. Afisa akae sebuleni, akae Mombasa, akae juu ya mwembe akipenda, ili mradi analinda siri za watu. Swali letu ni mahali alipokuwa mke alipotia saini, na aliyekuwa amesimama nyuma yake.

Sheria zetu zinalijua jambo hilo. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema rehani juu ya nyumba ya wanandoa haina nguvu kama mwenzi hakutia saini au hakuna ushahidi kwamba ameridhia. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inakwenda mbele zaidi: inataka ridhaa iwe ya maandishi na ya mtu aliyeelewa. Na juu ya hizo kuna ile ya zamani, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, ambayo kila mtu hapa anaijua kwa neno moja: bodi. Shamba la kilimo haliuzwi, halikodishwi, haligawanywi wala haliwekwi rehani bila idhini ya bodi, na bodi huongozwa na naibu kamishna wa kaunti akiwa na wazee wa mahali.

Najua bodi inavyosemwa. Inachelewa. Inakula nauli. Kuna mambo mengine yanayoliwa pia, nisiyataje mbele ya wageni. Wasomi wengi wangependa ifutwe, na wana hoja: ni sheria ya nusu karne na zaidi, iliyoandikwa kulinda uzalishaji wa mashamba, wala si kulinda wake. Lakini kazi inayofanya leo si ile iliyoandikiwa. Mzee anaposimama mbele ya bodi kusema anaweka shamba benki, anaulizwa mke yuko wapi. Mke anaulizwa kama anajua. Wana wakubwa wanaulizwa. Na mara nyingine, mbele ya watu, mama mmoja husema hapana, au husema yeye ni mke wa pili na wa kwanza hajaambiwa, na faili linafungwa hapo hapo. Abagaka b'etureti, wazee wa baraza la jadi la Gusii, wangelitambua baraza hilo upesi kuliko mwanasheria wa Nairobi.

Mikutano ilipokatazwa, kikao cha namna hiyo hakikuwa na mahali pa kukaa. Huwezi kuwaweka watu sitini kwenye chumba cha naibu kamishna na kuwaambia waachiane mita moja na nusu. Wakati huo huo muda wa miezi sita ambao sheria ya 1967 inampa mtu kuomba idhini uliendelea kuhesabiwa tangu siku ya mkataba, na dawa iliyokuwamo ndani ya sheria ilikuwa kwenda Mahakama Kuu kuomba muda zaidi. Mahakama nazo zilikuwa zimepunguza shughuli. Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, mzaliwa wa kaunti hii yetu, alizihamishia kesi nyingi kwenye video, na tarehe 1 Julai 2020 usajili wa kesi kwa mtandao ukazinduliwa Nairobi. Ulikuwa uamuzi mzuri na ninausifu bila kusita. Kesi ni mabishano ya watu ambao tayari wana mawakili. Video inawatosha.

Je, video inamtosha mke wa Ekerenyo? Wapo wanaosema ndiyo. Wanasema: mpigie simu ya video, muulize jina, aonyeshe kitambulisho, aseme ameridhia, rekodi ihifadhiwe. Tena wanaweza kutaja New York, ambako tarehe 19 Machi 2020 Gavana Andrew Cuomo aliruhusu mthibitishaji wa hati ashuhudie saini kwa video. Agizo lile liliandikwa na mtu aliyewajua binadamu. Lilitaka anayetia saini aonyeshe kitambulisho wakati wa mazungumzo yenyewe, si kukituma kabla wala kukituma baada. Lilitaka mazungumzo ya video yawe ya moja kwa moja, hakuna kurekodi na kutuma. Lilitaka athibitishe kwamba yumo ndani ya jimbo. Na lilitaka nakala ya hati itumwe siku hiyo hiyo. Angalieni tofauti: barua zile za mikopo ziliuliza afisa yuko wapi, hili la New York linauliza mwenye saini yuko wapi na amejitambulishaje. Kama tungeazima kitu kimoja tu kutoka Marekani, ningechagua hiki cha pili.

Hata hivyo hakitoshi. Kamera ya simu huona kilicho mbele yake. Haimwoni mume aliyeishika simu. Haimwoni shemeji aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni. Mke anasema ameridhia, sauti yake iko wazi, kitambulisho ni chake, na bado huwezi kujua. Anayewajua watu wetu atakwambia kwamba hata mbele ya bodi kuna wanaoridhia kwa hofu. Kweli, lakini mbele ya bodi kuna angalau mita kumi kati yake na mumewe, kuna mzee anayemjua babake, na kuna benchi lenye wanawake wengine. Katika mita hizo kumi ndimo neno hapana hupata nafasi ya kusemwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Dharura ikija tena, tusimlazimishe mwenye saini amfuate afisa, wala tusimwache peke yake na simu. Tumpeleke shahidi karibu naye. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kifungu cha 45, tayari inakubali kwamba anayetia saini anaweza kufika mbele ya msajili au mbele ya mtu mwingine aliyetajwa na kanuni, na kwa desturi mtu huyo ni wakili. Benki iwe Nairobi, afisa awe kwake Rongai, wakili wa benki awe Kileleshwa. Shahidi awe Keroka, au Nyansiongo, au Kebirigo, mahali ambapo mke anaweza kufika kwa miguu au kwa boda boda moja, akae naye chumbani mume akiwa nje, amsomee hati kwa Kiswahili au kwa Ekegusii, amuulize maswali mawili matatu ambayo hayamo kwenye fomu. Barakoa mdomoni, dirisha wazi, dakika ishirini. Hakuna daktari ambaye angekataza hilo, hata mwezi wa Aprili 2020.

Mtu ataniuliza, kwa nini wakili, kwa nini si chifu? Chifu yuko karibu zaidi na halipishi. Nina heshima kwa machifu wetu, na wengine wako hapa. Lakini chifu ni jirani wa mume, pengine ni wa ukoo wake, na kesho atakutana naye kwenye mazishi. Isitoshe, chifu akishuhudia uongo, ni vigumu kwa mke kupata pa kumshtaki. Wakili aliyeshuhudia uongo ana cheti kinachoweza kuondolewa na bodi ya nidhamu inayoweza kumwita. Kama benki hazitaki kulipa wakili wa Keroka kwa sababu tayari zina wakili wao Nairobi, hiyo ni gharama ya kuandikwa kwenye mkopo waziwazi, na nadhani ni ndogo kuliko gharama ya kesi ya miaka minane katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Kisii.

Mthamini nitamzungumzia kwa ufupi. Hakuna kuthamini kwa picha. Picha ya nyumba ya mawe yenye mabati mekundu inaweza kuwa ya nyumba ya jirani, na mpaka wa shamba Gusii ni safu ya miti ambayo watu wawili wanaikumbuka kwa namna mbili. Mthamini aende. Kazi yake hufanyika nje, kwenye upepo, mbali na watu. Korona haikuwa sababu ya kutokwenda. Barabara ya matope ni sababu bora zaidi.

Nirudi kwenye jambo ambalo naona halizungumzwi kabisa, nalo ni ile nafuu ya 2020. Kufikia mwisho wa Februari 2021, mikopo iliyobadilishwa masharti katika benki zote ilikuwa imefika takribani shilingi trilioni 1.7. Benki Kuu ilifanya vizuri kuamuru kwamba gharama za mabadiliko hayo zibebwe na benki. Ila namna yalivyofanyika ndiyo inayonisumbua. Mkopaji alipiga simu, au alituma barua pepe, akaongezewa miezi. Riba mara nyingi iliendelea kuhesabiwa. Rehani iliyokuwa imalizike 2023 ikawa ya 2024. Na mke, ambaye sheria ilimtaka aelewe na aridhie ili shamba liingie benki, aliulizwa na nani shamba lilipoongezewa muda wa kukaa huko? Katika familia nyingi alikuja kujua siku barua ya benki ilipofika. Sheria ya Ardhi inampa mkopaji aliyechelewa miezi mitatu ya kurekebisha chini ya kifungu cha 90, kisha siku 40 za notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96, na kanuni za madalali zinaongeza siku 45. Inaonekana ni muda mrefu. Si mrefu kwa mtu anayeanza kuhesabu akiwa hajui hata kwamba deni lilibadilishwa.

Kwa hiyo kanuni za dharura zinapaswa kusema wazi kwamba nafuu inaweza kutolewa kwa simu, siku hiyo hiyo, bila karatasi, kwa sababu mtu asiye na kipato hawezi kusubiri bodi. Lakini ndani ya siku thelathini, tuseme, mwenzi apewe taarifa kwa nambari yake mwenyewe ya simu, ile aliyoiandika siku ya kutia saini. Kwa nambari yake mwenyewe, narudia. Nimeziona fomu ambazo mume na mke wameandika nambari moja, na hakuna afisa aliyeuliza kwa nini.

Na siri je? Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa Novemba 2019. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Miezi yote ile ya kwanza ya korona, maafisa walipokuwa wakipokea picha za vitambulisho, taito na hati za mshahara kwa WhatsApp kwenye simu zao binafsi, sheria ilikuwapo na mlinzi wake hakuwapo. Shule nazo zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, hivyo simu ya baba ndiyo iliyokuwa darasa la mtoto. Taito ya mtu wa Ikonge ilikaa kwenye simu moja na hesabu za darasa la tano. Hapa zile kanuni za Marekani zinatufaa kama zilivyo: hakuna majalada nyumbani, hakuna picha kwenye simu binafsi, na benki impe afisa kifaa cha kazi kabla ya kumwambia aende nyumbani.

Nimalizie na watu wetu walio mbali, kwa sababu dharura au si dharura, wao hukopa na kununua kwa mbali kila siku. Wana na binti za Gusii wamejaa Minnesota, Brooklyn Park na pembezoni mwake, wengi wakiwa wauguzi na watunzaji wa wazee. Mwaka 2020 walikuwa mstari wa mbele wa ugonjwa huko, na baadhi yao wakinunua nyumba kutoka kwa maafisa waliofanyia kazi majumbani kwao. Lakini akitaka kuweka au kununua shamba hapa Nyamira, mtu huyo huyo huandika hati ya uwakilishi, huithibitisha mbele ya mthibitishaji, huituma kwa ndege, kisha isajiliwe kabla haijatumika. Anayeishika hati hiyo ni kaka. Na wengi wenu hapa mmeshuhudia kaka alivyoitumia.

Kwa watu hao ningependa bodi iruhusiwe kusikiliza kwa video, hata siku za kawaida, kwa njia iliyo kinyume na ile niliyoikataa kwa mke wa Ekerenyo: mwenye shamba aonekane kwenye skrini mbele ya kikao kizima, wazee wakimwona, mke wake akiwa kwenye benchi au kwenye skrini ya pili, na kaka akiwa amekaa mahali ambapo wote wanamwona anavyosikiliza. Huko aliko, mthibitishaji mwenye kibali akae naye chumbani. Fomu ya maombi ya bodi iliandikwa zama za karatasi na haina mahali pa kuandika haya. Inahitaji mistari mitatu tu: mwombaji alionekana kwa njia gani, nani alikuwa naye chumbani, na nambari ya leseni ya mtu huyo. Naibu kamishna hawezi kuiongeza kwa hiari yake, maana fomu ni ya kanuni na kanuni ni za Waziri. Barua ya kumwomba Waziri nimeshaiandika, iko hapa mezani, na anayetaka kutia saini ajongee, akiwa na kalamu yake mwenyewe.